Kuingia St Helena na yoti ukitokea Cape Town: jibu kwa baharia wa Kilifi

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kapteni. Mi ni baharia wa Kilifi, nimekulia kwenye mashua na sasa nafanya kazi kwenye yoti za wageni hapa creek. Kuna mzee ana yoti ya futi 42, anatoka Cape Town mwezi wa kwanza kwenda Brazil na anataka kupitia St Helena, ameniomba niende naye. Naomba kujua bandari ya pale ikoje, tunafunga gatini au tunatia nanga, nahitaji karatasi gani, na kama kweli kuna haja ya kusimama au bora twende moja kwa moja tu."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kualikwa, manake wanaopata nafasi ya kuvuka Atlantiki kwa tanga kutoka pwani yetu ni wachache mno. Nitakujibu kwa urefu sababu umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo na yote yameshikana.

Naanza na la gatini kwa sababu ukishalielewa hilo mengine yatajipanga yenyewe. St Helena, kisiwa kilicho peke yake katikati ya Atlantiki ya kusini, hufungi gatini. Hakuna marina pale, hakuna pontuni, na pale yoti zinapolala hakuna ukuta uliojengwa baharini kuzuia mawimbi kama unavyoona bandari nyingine. Kuna ghuba inaitwa James Bay, mbele ya mji wa Jamestown, na ghuba yenyewe haijaingia ndani kihivyo, ni mbonyeo tu kwenye ukuta wa majabali. Kinachofanya iitwe bandari ni kwamba iko upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa, na pepo za kule zinatoka kusini mashariki mwaka mzima, hazibadiliki kama kusi na kaskazi zetu, kwa hiyo kisiwa chenyewe ndo kinga. Mlima unakata upepo na bahari ya mgongoni, yoti inalala kwenye kivuli cha mlima. Lakini chini ya boti yako ni bahari kuu ile ile uliyotoka nayo, inaendelea kupanda na kushuka usiku na mchana, na wakati mwingine upepo unadondoka ghafla kutoka mabondeni kwa kasi ambayo hukuitarajia ukiwa umekaa kwa raha unakunywa chai.

Zamani yoti zilikuwa zinatia nanga kwenye kina kirefu na chini kuna mabaki ya meli zilizozama, nanga zikawa zinakwama. Sasa serikali ya kisiwa imeweka maboya ya kufungia, mengine ya yoti kubwa mengine ya ndogo, unalipia kwa siku. Yenu ya futi 42 itakaa vizuri. Cha kufanya wewe kama baharia wa omo, yaani mbele ya chombo, ni kuandaa kamba mbili nzito mapema, kila moja na kinga yake ya kuzuia isilike pale inapopita kwenye chuma, manake boti itacheza kwenye boya siku zote mtakazokaa, na kamba inayosugua kwa siku tano mfululizo ni kamba iliyokatika. Kila asubuhi na kila jioni nenda omo uishike kwa mkono uone. Hiyo kazi usimwachie mzee.

Sasa kushuka nchi kavu, hapo ndo watu wanaumia. Kutoka kwenye boya mpaka mjini mnachukuliwa na boti ya feri, mnaita kwa redio, inakuja inawapitia, inalipiwa kidogo tu. Feri inawapeleka kwenye ngazi za gati la zamani. Ngazi hizo ni za zege na mawe, zina utelezi, na juu yake zimening'inizwa kamba nene za kushikilia. Boti ya feri haifungwi pale, mwendeshaji anaisogeza kwa tezi (nyuma) au ubavu, anaishikilia kwa injini, wimbi likipanda boti inapanda nalo mpaka sawa na ngazi, likishuka inaondoka chini yako mita nzima au zaidi. Unangoja boti ifike juu kabisa, unashika kamba, unakanyaga ngazi, umemaliza. Ukirukia wakati boti inashuka, unaanguka kati ya boti na zege. Najua wewe umerukia mashua tangu mtoto na miguu yako inajua, lakini kwenye mashua unarukia mbao au mchanga au maji, hapa ni kona ya zege, kwa hiyo heshimu sana mwendeshaji wa feri, akikwambia sasa ni sasa, akikwambia ngoja unangoja hata kama unaona ingewezekana. Mzigo uwe begi la mgongoni, mikono yote miwili mitupu. Viatu vya kushika, sio ndala. Na mzee wako akiwa na umri mkubwa, we tangulia kushuka ili uwe juu kumpokea.

Watu wengine wanaona feri ni hasara wanataka kwenda na dingi yao, ile boti ndogo ya yoti. Mi siwezi kukushauri hivyo. Dingi ya mpira ukiiacha pale ngazini inapigwa kwenye zege mpaka inatoboka, na kuipandisha juu na mashine yake wakati bahari inacheza ni kazi ya watu wanne. Lipa feri. Ulizia tu saa ya mwisho inayotembea, sababu ikipita hiyo mtalala mjini.

Umesema mnatoka Cape Town mwezi wa kwanza. Hii nataka uisome mara mbili. Kutoka Cape Town hadi St Helena ni kama maili 1,700 za baharini, kwa yoti ya futi 42 hesabu wiki mbili, kwa hiyo mtafika mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Ndo msimu wa mawimbi makubwa ya pale. Kuanzia Desemba mpaka Machi hivi kunakuwa na dhoruba za baridi huko Atlantiki ya kaskazini, maelfu ya maili mbali, na zile dhoruba zinatuma mawimbi marefu yanayosafiri siku nyingi hadi yanafika St Helena kutoka kaskazini magharibi, yaani upande ule ule ambao ghuba iko wazi. Hakuna dalili ya upepo, anga safi, kumetulia, halafu bahari inaanza kujivuta na ikifika maji mafupi karibu na gati inanyanyuka na kuvunjika. Februari 1846 mawimbi hayo yaliteketeza vyombo 13 pale pale ghubani, na vingine vilikuwa ni majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na Waingereza yakingoja kuvunjwa. Tofauti na zamani ni kwamba leo unaweza kuyaona yanakuja. Utabiri wa mawimbi upo kwenye mtandao, angalia nini kimetokea Atlantiki ya kaskazini siku tano au sita nyuma, usiangalie hali ya hewa ya St Helena peke yake. Na yakija, yoti iliyo mbali kidogo kwenye boya kwa kawaida inapanda na kushuka tu bila shida, tatizo ni ngazi, feri inasimamishwa na unabaki ulipo, boti au mjini. Ndo maana nasema yoti isiachwe tupu kamwe kipindi hicho, mtu mmoja anayejua kuwasha injini na kung'oka abaki ndani, na kila anayeshuka awe na dawa zake na shati la ziada kwenye begi.

Hii njia yenyewe kutoka Cape Town ina sura mbili. Siku tatu nne za mwanzo ni baridi kali, maji ya mkondo wa Benguela yanaweza kuwa nyuzi 12 tu, upepo mkali wa kusini mashariki, ukungu, meli kubwa zinapita, na wewe umezoea maji ya uvuguvugu ya Kilifi. Nunua sweta nzito, soksi za sufu, kofia, glovu na koti la mvua la kweli la baharini, na kama huna pesa mwambie mzee mapema akuazime, usione haya, baharia anayetetemeka zamu ya saa nane usiku hana faida kwa mtu. Kuna wanaopumzika Lüderitz au Walvis Bay huko Namibia kabla ya kukata kwenda kisiwani, kutoka Walvis Bay inabaki kama maili 1,200, na kwa chombo ambacho hamjakizoea mi naona ni wazo zuri, kitakachovunjika kivunjike mapema mkiwa bado karibu na fundi. Baada ya hapo joto linarudi siku kwa siku, upepo unakaa tezi, mnafungua tanga na kuiacha, na siku kumi zinazofuata ni kati ya safari tamu kabisa duniani, lakini yoti inayumba kulia kushoto usiku kucha kwa sababu upepo uko nyuma moja kwa moja, kwa hiyo kila kitu jikoni kifungwe.

Mnakaribia kisiwa mkitokea kusini mashariki, mtaona ukuta mweusi uliosimama wima kutoka baharini, juu mawingu. Mnapita upande wa kaskazini mashariki, kuna mlima mkubwa bapa unaitwa The Barn, halafu mnazunguka ncha ya Sugar Loaf, ndipo upepo unaanza kupungua na mnaona Rupert's Bay kwanza kisha James Bay. Mkifika usiku msiingie. Kaeni nje mbali, tanga limepunguzwa, mngoje kuche, ghubani kuna maboya na boti za wavuvi na mabaki ya meli, na hakuna cha kuwakimbiza baada ya wiki mbili baharini. Meli iitwayo Papanui iliungua moto na kuzama pale 1911 na kipande cha usukani wake bado kinatokeza juu ya maji. Nyingine, Darkdale, ilikuwa meli ya mafuta ya Waingereza, nyambizi ya Wajerumani U-68 iliipiga torpedo Oktoba 1941 ikiwa imetia nanga ghubani, wakafa watu 41.

Redio: mkishakaribia mnaita St Helena Radio chaneli 16, mnajitambulisha, wao wanawaelekeza nani wa kuzungumza naye na boya gani. Bendera ya njano juu. Hakuna kushuka mpaka forodha, afya na uhamiaji wamalize na nyie. Kwa uzoefu wangu ni watu wapole na wanafanya kazi yao kwa utaratibu, mkiwa na karatasi zenu safi inaisha haraka.

Kuhusu karatasi, we ndo mwenye kazi kubwa zaidi ya mzee wako, tuseme ukweli, pasipoti yake na yako hazipokelewi sawa. St Helena ni eneo la ng'ambo la Uingereza lakini ina uhamiaji wake yenyewe, visa ya Uingereza sio tiketi ya pale. Waandikie uhamiaji wa kisiwa barua pepe sasa hivi, eleza unaingia kwa yoti kama baharia, taja pasipoti yako ni ya nchi gani, waulize unahitaji nini, na jibu lao ulichape ulibebe. Usikubali mtu akwambie "ah, mabaharia huwa hawaulizwi". Pili ni bima ya afya, na hii wanaitaka kweli. Hospitali ni moja, ndogo, ugonjwa mkubwa unasafirishwa kwa ndege hadi Afrika Kusini, kwa hiyo bima iwe imeandikwa wazi kwamba inalipia kusafirishwa kwa dharura. Soma maandishi madogo uone kama inamkubali mtu aliyeko kwenye chombo cha tanga, bima nyingi za kawaida za wasafiri zinakataa hapo. Tatu, kadi ya njano ya homa ya manjano, Afrika Kusini wanaiulizia ukitokea Kenya, usingoje uwanja wa ndege. Nne, visa ya Brazil uimalize Nairobi kwenye ubalozi wao kabla hujaondoka, manake St Helena hakuna ubalozi wa kukusaidia, na ukifika Brazil bila hiyo shida inakuwa yako na ya nahodha wako pamoja. Na hakikisha jina lako kwenye orodha ya mabaharia limeandikwa sawasawa na pasipoti, herufi kwa herufi, majina yetu ya kina Mohamed na Muhammad yameshawachelewesha wengi.

Asali msiingize kabisa. Nyuki wa kule hawana magonjwa yanayoua nyuki sehemu nyingine na wanawalinda vikali, kwa hiyo hata chupa ya nusu ibaki ndani ya boti. Matunda na mboga mbichi pia msishuke nazo.

Pesa: wana pauni yao ya St Helena, thamani sawa na pauni ya Uingereza, na noti za Uingereza zinapokelewa kila duka. Benki ni moja. We beba noti za pauni mkononi, usitegemee kadi yako ya benki ya nyumbani, na pauni za St Helena zikikubakia zibadilishe kabla hujaondoka sababu ukifika Brazil ni karatasi tu. Vitu ni ghali, vingi vinakuja kwa meli kutoka Cape Town, na meli ikichelewa rafu za duka zinakuwa tupu, kwa hiyo vyakula vya safari yote hadi Brazil vinunuliwe Cape Town, kisiwani mtaongeza tu samaki, mayai, mboga mkizipata. Samaki wa huko ni jodari, mzuri, bei nafuu. Maji na dizeli vinapatikana ila ni kazi ya madumu, madumu yenyewe yanapita ngazi zile zile nilizokueleza, nadhani unaona sasa kwa nini nilianza na ngazi. Intaneti imebadilika sana, zamani ilikuwa ya setilaiti na bei yake ilikuwa inatisha, lakini tangu Oktoba 2023 wameunganishwa na waya wa baharini unaoitwa Equiano, utaweza kupiga simu nyumbani mama akusikie vizuri.

Haya, je msimame au mpite? Simameni. Na msikae siku mbili, kaeni wiki. Sababu ya kwanza ni ya kibaharia: mkitoka hapo hadi Salvador kuna maili 1,900 hivi za maji matupu, na kamba, nanga, usukani, mlingoti vyote vinahitaji kukaguliwa chombo kikiwa hakitembei. Mtu mmoja apande mlingotini, na huyo mtu ni wewe, fanya asubuhi mapema kabla mawimbi ya mchana hayajaanza kuuchezesha, angalia kila pini na kila waya pale unapoingia kwenye chuma. Kuna kanisa, kuna masoko, kuna wazee wa kuongea nao, lakini fundi wa matanga na duka la vipuri vya yoti usitarajie.

Sababu ya pili naomba unisikilize vizuri. Watu wengi wanaokwenda pale wanakwambia habari za Napoleon tu. Ni kweli, alifungiwa pale kuanzia Oktoba 1815 hadi alipofariki tarehe 5 Mei 1821, nyumba yake ya Longwood ipo, kaburi lipo japo mwili ulichukuliwa 1840 ukarudishwa Ufaransa. Nenda ukaone. Lakini wewe ni mtoto wa pwani ya Afrika, una watu wako pale.

Kisiwa kilikuwa jela ya wafalme. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alifungiwa pale kuanzia 1890 hadi 1897. Na Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyejitangaza sultani wa Zanzibar Agosti 1896 Waingereza wakalipiga kasri kwa mizinga, vita ikaisha ndani ya saa moja, akakimbilia kwa Wajerumani wakamficha Dar es Salaam miaka mingi, basi alipokamatwa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia walimpeleka St Helena 1917. Baadaye wakamhamishia Shelisheli, mwisho wakamruhusu kuishi Mombasa, akafia hapo 1927. Mombasa, saa moja na ushee kutoka kwenu. Sisi tunafundishwa shuleni ile vita fupi kuliko zote halafu hadithi inakatwa hapo, hatuambiwi mtu mwenyewe aliishia wapi. Ukisimama Jamestown ukiangalia lile bonde lililobanwa na majabali pande mbili, na mbele bahari isiyo na mwisho, utaelewa kwa nini walipachagua.

Halafu Rupert's. Ni ghuba ya jirani, kilima kimoja tu kutoka Jamestown, ndiko lilikojengwa gati la mizigo wakati wa mradi wa uwanja wa ndege. Kuanzia 1840 meli za kivita za Waingereza zilikuwa zinakamata majahazi ya watumwa Atlantiki na kuyaleta St Helena, na kwa miaka thelathini hivi walishushwa pale Waafrika zaidi ya 25,000, wengi wao wametolewa pwani ya magharibi ya kati ya Afrika, kina Kongo na Angola. Walishushwa wengine wanakufa tayari, ndui, kuhara, njaa. Inakadiriwa watu 8,000 walizikwa katika bonde la Rupert's, wengine watatu wanne kaburi moja, na wengi walikuwa watoto. Waliopona wengi walisafirishwa tena, wakapelekwa visiwa vya Karibiani na Guyana kufanya kazi mashambani, waliobaki kisiwani ni wachache. Bonde lilisahaulika mpaka 2008 walipokuwa wanaandaa barabara ya kwenda uwanja mpya wa ndege wakachimbua mabaki ya watu 325. Mabaki yakakaa ghalani miaka mingi, wenyeji wakapiga kelele, yakazikwa tena kwa heshima 2022. Mi naona kila baharia Mwafrika anayepita pale angetakiwa kwenda Rupert's kabla ya kwenda Longwood, asome dua yake, akae kidogo. Mzee wako kama hataki, mwombe asubuhi moja uende peke yako.

Na wenyeji wenyewe, wanajiita Saints, ni kama watu 4,400 tu, damu zao ni za Waingereza, Wahindi, Wachina, Wamadagaska na Waafrika waliochanganyika tangu Kampuni ya Waingereza ya East India ilipoweka makazi 1659. Wanakusalimia njiani wote, hata walio kwenye gari wanapunga mkono, kwa hiyo salamu zako za pwani usizifiche, utajisikia uko nyumbani. Ukialikwa kula utapewa kitu wanakiita plo, wali na nyama na viungo vimepikwa sufuria moja, we utakijua kabla hujauliza. Kahawa yao ililetwa kutoka Mokha, Yemen, 1733, na ni nzuri kweli ila bei yake jipange.

Mengine kwa haraka. Ngazi ya Jacob's Ladder ina vipago 699 kutoka mjini hadi juu kilimani, panda baada ya siku mbili tatu, miguu ikiwa imeshasahau kuyumba. Kobe Jonathan aliletwa kutoka Shelisheli 1882 akiwa tayari mkubwa, yuko nyumbani kwa gavana. Na msimu wenu wa Januari na Februari ndo msimu wa papa shilingi, wanakuja wakubwa madume na majike pamoja, boti za wenyeji zina ruhusa ya kupeleka watu kuwaona kwa utaratibu, usiruke majini peke yako kutoka kwenye yoti kwa sababu kuna sheria kali za kuwalinda.

La mwisho hukuliuliza lakini lazima niliseme. Kabla hujakubali, muulize mzee mambo haya na akujibu kwa maandishi: nani analipa chakula, nani analipa bima na visa, nani analipa ndege ya kukurudisha Kenya kutoka Brazil na je akiamua kuishia St Helena inakuaje, manake ndege ya kutoka pale inakwenda Johannesburg, haiji kila siku, na nauli yake si ya mshahara wako. Nahodha ndo anabeba jukumu la mabaharia aliokuja nao, haki yako ni kulisikia hilo kutoka mdomoni mwake mapema. Muulize chelezo cha kuokolea maisha kilikaguliwa lini mara ya mwisho, EPIRB (kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti) imesajiliwa kwa jina la chombo au la, zamu zitakuwa watu wangapi. Mkiwa wawili tu, kwa siku kumi na nne, ni ngumu, mi ningemshauri atafute wa tatu. Na mwombe mtoke siku moja mbili pale Cape Town mkajaribu chombo pamoja kabla ya safari, umwone anavyoshughulika upepo ukizidi. Mtu mpole bandarini anaweza kuwa mwingine kabisa tanga likichanika.

Ukishapata majibu yake nitumie, pamoja na aina ya yoti na mwaka iliyotengenezwa, nikuangalizie vifaa gani vya ziada umwambie anunue Cape Town.